Kabla hujaandika "chanzo": ushauri kwa wanaoandika historia ya Lubumbashi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma rasimu za wanafunzi na za vyama vya mtaa hapa Lubumbashi, za watu wanaotaka kuandika historia ya mji wetu kwa Kiswahili, na neno ninalolisahihisha mara nyingi kuliko mengine yote ni "chanzo". Kila kilichokuwepo zamani hugeuzwa kuwa chanzo cha kilichopo leo. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuchagua kati ya chanzo, chimbuko, mtangulizi, msingi na dalili, mwandishi ajiulize ni nini hasa kilichotoka katika kile cha zamani kikaingia katika kile cha sasa: watu, ardhi, mitambo, ujuzi, jina tu, au hakuna chochote.

Tuanze na mfano ulio wazi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1967 serikali iliitaifisha, na kampuni mpya ya serikali, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Gécamines, ikapokea migodi ileile, viwanda vilevile na wafanyakazi walewale. Hapa "mtangulizi" linafaa kabisa, kwa kuwa mmoja aliondoka na mwingine akashika nafasi yake. "Chanzo" halifai, kwa sababu kilichoizaa Gécamines ni uamuzi wa serikali. Kuhusu chuo kikuu kilichofunguliwa mjini mwaka 1956, kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971 na kutengwa tena mwaka 1981, maneno "ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi" yanatosha.

Kazi ngumu iko kwenye shaba yenyewe. Karne nyingi kabla ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910, mafundi wa Katanga, eneo letu hili, walichimba malakiti, yaani mawe ya kijani yenye shaba, wakaiyeyusha kwa makaa na mivukuto katika tanuu za udongo, na kusubu misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha mbali sana na hapa. Wanafunzi wengi huandika kwamba tanuu hizo ni chimbuko la kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mjini mwaka 1911. Ninaelewa heshima iliyomo katika kauli hiyo, nami ninaishiriki kwa moyo wote, lakini haisemi kilichotokea. Tanuu za kiwanda zililetwa na wageni pamoja na mbinu zao, na ujuzi wa fundi wa mvukuto haukupewa nafasi ndani yake. Kilichopita kutoka upande mmoja hadi mwingine ni maarifa ya mahali: wapelelezi wa madini waliofika mwishoni mwa karne ya 19, akiwemo mwanajiolojia Jules Cornet mwaka 1892, waliyakuta mashimo ya kale, na mashimo hayo yakawaonyesha penye shaba. Kwa hiyo mwandishi mwangalifu ataandika kwamba uchimbaji wa wenyeji ni chimbuko la migodi, na kwamba uyeyushaji wao ulitangulia kiwanda bila kukizaa. Ni sentensi moja yenye maneno mawili tofauti, nayo inawapa wazee wetu haki yao kamili, kwani inaonyesha pia kilichonyamazishwa.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa mgomo wa wafanyakazi wa Desemba 1941, pale askari walipowafyatulia risasi watu waliodai mishahara bora wakati wa vita. Usiandike haraka kwamba mgomo huo ni chanzo cha uhuru wa mwaka 1960. Anayeandika "chanzo" anaahidi kuonyesha mnyororo, pete kwa pete: ni nani walioshiriki, walikwenda wapi baadaye, waliunda nini. Ukiwa huna pete hizo, andika "dalili" au "tukio lililotangulia". Neno dogo lililothibitishwa lina nguvu kuliko neno kubwa lisilo na ushahidi.

Kuna pia jambo linalotuhusu sisi wa Katanga peke yetu. Tunaposema nyumbani "mbele ya reli kufika", kila mtu hapa anaelewa kwamba tunazungumzia wakati uliopita, lakini msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani tunazungumzia mahali. Msemo huo ni wetu na hauna kosa lolote, uandikeni bila woga katika mazungumzo mnayoyanukuu. Katika maelezo yenu wenyewe andikeni "kabla ya reli kufika".

Kwa upande wa watu, "mtangulizi wake" hueleweka vizuri kwa aliyeshika cheo kabla ya mwingine. Epukeni "waliotutangulia" mnapozungumzia viongozi ambao bado wako hai, kwa maana Kiswahili kimezoea kuwaita hivyo marehemu, na jamaa zao watakaposoma watashtuka. "Waliokuwa viongozi kabla yetu" ni ndefu kidogo, lakini haimziki mtu.