Mstari wa Pili Ulioonekana Asubuhi

Bibi Mkunga wa Mikindani anajibu barua zenu

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko Newala, nina miaka 26 na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye bado ananyonya usiku. Sindano ya uzazi wa mpango niliacha Novemba, siku zangu zikarudi ovyo ovyo, na sasa zimepita siku nne. Juzi jioni, nikitoka kupulizia mikorosho, nilinunua kipimo cha mkojo duka la dawa. Mstari ulikuwa mmoja. Nikakiacha dirishani. Asubuhi nakitazama, naona mstari wa pili, hafifu kama kivuli. Mama mkwe kaniangalia shingoni tu, akasema mimba ipo na nimwachishe mtoto ziwa leo leo. Jirani anasema nikojolee sukari. Mume wangu, kwa kuwa nina uchovu na kichefuchefu, kaniletea dawa ya malaria. Nimsikilize nani? – Mama S., Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hicho cha dirishani kitupe. Kipimo kile kina saa yake: husomwa ndani ya dakika tatu hadi tano, kama pakiti inavyoelekeza. Zikishapita kumi, mkojo unakauka na unaweza kuacha alama inayofanana na mstari. Kilicholala usiku kucha hakuna mkunga atakayekusomea. Mstari hafifu wenye rangi, ukitokea ndani ya dakika zake, hiyo ni habari nyingine. Huo mara nyingi ni mimba.

Ule mmoja wa jioni nao usiushike sana. Kipimo kinatafuta homoni iitwayo hCG, na mwili hauitoi mpaka yai lililorutubishwa lijishikize kwenye mji wa mimba, siku 6 hadi 12 hivi baada ya yai kutoka. Mwanzoni ni kidogo mno, kisha inaongezeka karibu maradufu kila siku mbili tatu. Wewe ulishinda juani na bomba mgongoni, ukanywa maji, mkojo wako ukawa mwepesi kama maji ya dafu. Tena hedhi ya mtu aliyetoka kwenye sindano inakuja inavyotaka yenyewe, kwa hiyo hata hizo siku nne zako sina hakika nazo. Nunua kipya, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, pima mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukiona mmoja tena na hedhi haijaja, rudia baada ya wiki.

Mama mkwe usigombane naye. Ila nimekaa wodi ya wazazi miaka thelathini na mshipa wa shingo haujawahi kuniambia jambo la uhakika. Mimba yangu ya tatu mwenyewe niliiita malaria! Ulikuwa msimu wa korosho, harufu ya mabibo yanayooza chini ya miti ikawa inanitapisha; nikameza vidonge, nikalala, nikaamka natapika. Aliyenishtua ni mama aliyekuwa akifagia wodi: “Sista, mbona siku hizi unakula udongo?” Nesi mzima, mfukoni nina udongo wa kununua sokoni.

Sukari ya jirani haina kitu cha kuikamata homoni ile, wala dawa ya meno, wala chumvi. Lakini tusimcheke mno. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa zinamdunga mkojo wa mwanamke chura jike, aina inayotoka kusini mwa Afrika. Akitaga mayai ndani ya siku moja, mimba ipo. Chura yule mwili wake unaiitikia homoni. Sukari inayeyuka tu, na bei yake mnaijua.

Sasa dawa ya mumeo. Iweke kabatini. Uchovu na kichefuchefu ni vya malaria na ni vya mimba changa pia, na huku kwetu mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, kwa hiyo nenda zahanati wakutoboe kidole na wapime mkojo siku hiyo hiyo. Mwambie mhudumu mapema, “Huenda nina mimba.” Ikiwa malaria ipo lazima itibiwe, maana kwa mjamzito ni hatari, ila yeye ndiye akuchagulie dawa. Zile SP, vidonge vya kujikinga na malaria wanavyopewa wajawazito, hazianzwi mapema hivi; zinasubiri wiki ya 13.

Mtoto aendelee kunyonya. Najua maneno ya kubemenda, nimeyasikia tangu utotoni. Maziwa ya mama mwenye mimba hayageuki sumu. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ghafla bila uji wa maana. Bomba la dawa, hilo mkabidhi baba yake mpaka jibu lipatikane. Mikorosho haitajali nani anaipulizia.

Na kama hedhi imechelewa, ukasikia maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu au damu isiyo ya kawaida, usingoje kupambazuke, nenda hospitali. Mimba huweza kutunga nje ya mji wa mimba, na hiyo inaua.

SWALI: Mimi ni mvuvi, nakaa Lindi mjini. Nilirudi kutoka dago, kambi yetu ya uvuvi, huko Kilwa, na wiki tatu na siku mbili baadaye mke wangu akapimwa ultrasaundi. Wameandika mimba ya wiki tano na siku mbili. Tena wameona kifuko tu, mapigo ya moyo hakuna. Bibi, hesabu hii siielewi. – Msomaji, Lindi

JIBU: Unaielewa vizuri sana, ndiyo maana umeandika. Hospitali hawahesabu tangu siku uliyorudi. Wanahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki mbili hivi kabla ya mimba kutunga. Toa hizo mbili, unabaki na tatu na siku mbili zako. Kifuko bila mapigo katika wiki ya tano ni kawaida, moyo huanza kuonekana wiki ya sita hivi, kwa hiyo mrudishe siku waliyompangia na uende naye. Akiuliza uliniandikia nini, sema uliuliza habari ya mapigo ya moyo.