Nimezawadiwa sanamu ya kale ya mungu wa kike wa Kitao (dini ya jadi ya Wachina), niifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nakaa Guangzhou, China, nanunua bidhaa na kuzipeleka Dar. Mzee mwenye nyumba niliyopanga, mtu wa mkoa wa Fujian, amenipa sanamu ya kale ya mbao, kimo cha dhiraa moja, mwanamke aliyeketi, uso mweusi. Anasema ni Mazu, atanilindia kontena zangu baharini. Mgongoni ina tundu lenye kizibo, ndani mna karatasi iliyokunjwa na majani makavu. Mimi siiabudu. Naweza kuiweka sebuleni kama pambo? Au niiuze, maana nimeambiwa ina bei?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Usiiweke wala usiiuze. Mrudishie mzee wako kwa wema. Umesema huiabudu, nami nakusadiki, lakini nataka ujue ulichokishika mkononi.

Kwa mapokeo ya watu wa Fujian, Mazu alikuwa binti wa watu, jina lake Lin Mo, aliyezaliwa kisiwani Meizhou mwaka 960 na kufariki 987 akiwa hajaolewa. Walimpenda kwa kuwaokoa mabaharia. Alipokufa wakamjengea hekalu, na wafalme wakampandisha vyeo hadi akaitwa Malkia wa Mbinguni. Sasa soma Surat Nuh, aya ya 23, wanapotajwa Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas (r.a.), katika Sahihi Bukhari, anaeleza kuwa hao walikuwa watu wema wa kaumu ya Nuh. Walipokufa, zikasimamishwa sanamu pale walipozoea kukaa, zikaitwa kwa majina yao. Siku hiyo hazikuabudiwa. Ziliabudiwa baadaye, walipoondoka wale waliozisimamisha na elimu ikapotea. Mimi jambo hili hunitisha sana, kwa sababu halikuanza kwa uovu. Lilianza kwa mapenzi.

Uso huo mweusi, mara nyingi ni moshi wa udi uliofukizwa mbele yake miaka na miaka. Na tundu la mgongoni ndimo wanamotia vitu vya kuipa uhai. Katika sanamu za mkoa wa Hunan, karatasi kama hiyo huandikwa jina la aliyeiagiza, anakokaa, tarehe, na haja yake: apate mtoto, au mgonjwa apone. Kisha sanamu hufanyiwa ibada ya kufunguliwa macho. Basi hiyo haikuchongwa iwe pambo, na kuiita pambo hakuigeuzi. Mtume (s.a.w.) amesema Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha, sembuse sanamu kamili iliyosujudiwa.

Kuhusu kuiuza, Jabir (r.a.) alimsikia Mtume (s.a.w.) mwaka wa kufunguliwa Makka akisema Mwenyezi Mungu na Mtume Wake wameharamisha kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu vipande vya sanamu iliyovunjwa, lakini bei uliyoambiwa si bei ya kuni. Ni bei ya sanamu nzima.

Na kontena zako? Hata msafara wa Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan na ambaye merikebu zake zilifika Malindi, uliacha jiwe la maandishi Changle, Fujian, mwaka 1431, kumshukuru mungu huyo wa kike kwa salama ya safari. Simhukumu mtu, hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini bahari ilikuwa ya nani? Surat Al-Ankabut, aya ya 65, inawasema wanaomwomba Allah peke Yake wakiwa chomboni, kisha wakifika nchi kavu wakamshirikisha.

Utaniuliza: kumrudishia si kumsaidia katika ibada yake? Hapana. Wewe humpi kitu, unakataa kupokea, na mali inabaki yake. Usiivunje kwa hasira wala usiitukane mbele yake. Surat Al-An'am, aya ya 108, imetukataza. Mwambie umejua kuwa amekutakia heri, ila dini yako hairuhusu sanamu nyumbani. Nenda na zawadi yako, hata tende. Na ile karatasi usiikunjue. Huenda ina majina ya wazee wake. Irudishe tunduni ilivyokuwa, pamoja na majani yake, uzibe.

Wallahu a'lam.