Re: Tovuti nzito, plagini 34, nianzie wapi kufuta?

Ndugu, plagini 34 (programu ndogo za kuiongezea tovuti ya WordPress kazi) zinatisha, lakini idadi yenyewe si kosa. Plagini moja nzito inaweza kukuchelewesha kuliko ishirini nyepesi.

Kabla hujagusa chochote, chukua bakapu ya mafaili pamoja na hifadhidata. Kisha weka Query Monitor, plagini ya kuchunguza utendaji wa tovuti, kwa muda: itakuonyesha kila plagini inaiuliza hifadhidata maswali mangapi na yanachukua muda gani. Hapo ndipo wezi wanapoonekana. Zima moja, pima ukurasa uleule mara tatu hivi, ndipo uende kwa nyingine. Ukizima kumi kwa mkupuo hutajua nani alikuwa na hatia.

Mimi ningeanza na slaidi za ukurasa wa mbele, vitufe vya kushiriki, na zile takwimu za wageni zinazoandika kwenye hifadhidata kila mtu anapoingia. Umesema pia una plagini mbili za kashe (zinazohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka). Hizo hugombana, bakiza moja tu.

Kuzima tu hakutoshi. Plagini iliyozimwa haipakii msimbo wake, kweli, ila mafaili bado yako kwenye seva, na yakiwa na tundu la usalama mdukuzi anaweza kulitumia. Ifute kabisa. Hata hapo nyingi huacha mabaki kwenye wp_options, jedwali la mipangilio ndani ya hifadhidata, na yale yenye alama ya autoload husomwa kila ukurasa unapofunguka. Kama hujazoea hifadhidata, usiyafute kwa kubahatisha.

Ukimaliza, weka hapa matokeo ya kabla na baada tuyaangalie.