Maswali ya Wasomaji: Vikaragosi na Wanasesere Wauaji katika Filamu za Bajeti Ndogo

SWALI: Mwandishi wa safu ya filamu, salamu. Hivi karibuni nilitazama Puppet Master, filamu ya mwaka 1989. Nilijua tangu mwanzo kwamba vikaragosi vile vinachezeshwa na watu, na zipo sehemu ambazo mwendo wake unakatikakatika waziwazi. Hata hivyo, usiku ule sikuthubutu kuzima taa. Rafiki yangu anasema kwamba hizo ni filamu za watu waliokosa fedha za kutengeneza filamu za maana. Je, ni kweli? Na kwa nini mtu mzima aogope kitu anachojua kabisa kuwa hakina uhai?

JIBU: Kuhusu fedha, ndugu msomaji, rafiki yako hajakosea. Charles Band, mtayarishaji wa filamu hiyo, alikuwa ametoka kuona kampuni yake ya Empire ikianguka, akaanzisha nyingine iliyojulikana kwa jina la Full Moon, na Puppet Master ikapelekwa moja kwa moja kwenye soko la kanda za video bila kupitia majumba ya sinema. Nisichokubaliana nacho ni ile hukumu ya kwamba kwa kuwa fedha zilikuwa chache, basi filamu yenyewe haina maana.

Filamu ya joka kubwa au ya mji unaozama baharini hulazimika kuonyesha kitu ambacho mtengenezaji maskini hana uwezo wa kukilipia, na mtazamaji huuona upungufu huo papo hapo. Filamu ya kikaragosi haiko hivyo. Kikaragosi kinachoonekana kuwa ni mti na rangi hakiivunji hadithi, kwa sababu hata ndani ya hadithi yenyewe ni mti na rangi, na wahusika wanaokimbia mbele yake wanajua hivyo kama unavyojua wewe. Ndiyo sababu naamini kwamba, katika aina zote za filamu za kutisha, hii ndiyo ambayo uchache wa fedha huidhuru kidogo zaidi.

Tazama tena namna filamu hiyo inavyoanza. Mapema kabisa, kamera inakwenda kasi ikiwa chini kabisa, karibu na ardhi, ikielekea hotelini, nasi tunaona kile ambacho kiumbe huyo mdogo anakiona. Haukuhitajika mtambo wa gharama kubwa. Ilihitajika kamera kushushwa, na mtu mwenye akili ya kujua kwamba ulimwengu unaotazamwa kutoka kimo cha kifundo cha mguu hugeuka kuwa mahali pengine. Mwongozaji David Schmoeller na fundi wa uhuishaji David Allen walichanganya mbinu: sehemu moja fimbo na nyaya, sehemu nyingine uhuishaji wa picha moja moja, ambapo kikaragosi husogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha kila kinaposogezwa, na kwa yule Pinhead, mwenye kichwa kidogo na mikono mikubwa, zipo picha ambazo mikono inayoonekana ni ya mtu halisi. Hakuna mbinu hata moja kati ya hizo inayoachwa kwenye kioo muda mrefu kiasi cha kumpa mtazamaji nafasi ya kuichunguza.

Swali lako la pili ni la zamani kuliko filamu hizi. Mwaka 1906 mwanasaikolojia Mjerumani Ernst Jentsch aliandika kwamba hofu ya namna hii huzaliwa na shaka: hatuna hakika kama kitu kinachoonekana hai kina uhai kweli, au kama kitu kisicho na uhai hakika hakina. Mwaka 1970 Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alieleza kwamba kadiri kitu kinavyofanana na binadamu ndivyo tunavyokipenda, mpaka kinapokaribia kufanana naye kabisa. Hapo mapenzi huporomoka ghafla na kugeuka karaha. Mori aliongeza jambo ambalo kwetu sisi wapenzi wa filamu ni muhimu sana, nalo ni kwamba mwendo huizidisha hali hiyo. Kwa hiyo ule ukatikaji wa mwendo uliouona haukuwa kasoro tu. Jicho lako lilikuambia kwamba kitu kile kinatembea, na wakati huohuo likakuambia kwamba hakuna kiumbe hai anayetembea hivyo. Shaka hiyo haiondolewi na elimu wala umri.

Wala usidhani kwamba jambo hili linahitaji mauaji mengi. Katika Dead of Night, filamu ya Uingereza ya mwaka 1945, Michael Redgrave anaigiza msanii anayemsemesha kikaragosi wake, Hugo, bila kuchezesha midomo yake mwenyewe. Kwa sehemu kubwa Hugo anakaa tu akipakatwa, na swali la nani kati yao anamtawala mwenzake linatosha kuujaza woga mkasa mzima.

Ningependa pia umweleze rafiki yako tofauti iliyopo kati ya kukosa fedha na kukosa bidii, kwa kuwa mfululizo huohuo wa Puppet Master una vyote viwili. Sehemu ya tatu, ya mwaka 1991, iliwageuza vikaragosi kuwa watetezi wanaopambana na Wanazi. Woga ulipungua, lakini hadithi ilikuwa na nguvu yake na kazi ya mikono ilionekana. Ile ya mwaka 2003, kinyume chake, kwa sehemu kubwa iliundwa kwa vipande vya filamu zilizotangulia. Hiyo siwezi kuitetea, na mashabiki waliolipia kanda ile walistahili kutendewa vizuri zaidi.

SWALI: Nimesikia kwamba mwanasesere wa filamu ya Annabelle ya mwaka 2014 yupo kweli, na kwamba anafanana hivyohivyo na yule wa kwenye filamu. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Yupo mwanasesere aliyehifadhiwa na Ed na Lorraine Warren, wanandoa waliojulikana kwa kuchunguza habari za mizimu, huko Connecticut, Marekani, lakini hafanani na yule wa kwenye filamu. Huyo ni mwanasesere laini wa kitambaa, mwenye nywele nyekundu za nyuzi, wa aina ya Raggedy Ann, ambayo ilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya watoto. Uso mgumu wenye tabasamu pana unaouona kwenye filamu ulibuniwa na watengenezaji wake. Habari za matendo yake zinatokana na simulizi za wanandoa hao, na simulizi si ushahidi.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana tunaopenda filamu. Tuna kamera moja, mwanasesere mmoja wa zamani na chumba cha kurekodia, na tungependa kutengeneza filamu fupi ya kutisha ya dakika kumi hivi. Hatuna fedha za athari maalumu. Tuanzie wapi, na tuepuke nini?

JIBU: Nimefurahi kwamba mnaye mwanasesere mmoja tu, maana wawili wangewagawia watazamaji hofu yao. Anzeni na ukimya wake. Kosa ninaloliona mara nyingi katika filamu za wanaoanza ni kumfanya mwanasesere atembee katika dakika ya pili, ilhali mtazamaji hajapata hata muda wa kujiuliza kama anaweza kutembea. Mwacheni akae kwenye kiti, mwonyesheni mara kadhaa bila kubadilisha chochote, kisha siku nyingine ya hadithi onyesheni kiti kikiwa kitupu, na wahusika wasiligundue jambo hilo kabla ya mtazamaji.

Mfano bora ninaoujua umo katika Child's Play ya mwaka 1988, filamu iliyokuwa na fedha nyingi kuliko zenu, lakini ambayo wakati wake wa kutisha kuliko wote ungeweza kurekodiwa sebuleni kwa mtu yeyote. Mama analiinua boksi alimokuja mwanasesere Chucky, na betri zinadondoka kutoka ndani yake. Siku zote hizo mwanasesere amekuwa akisema na kugeuza kichwa. Mama anamchukua taratibu, anamgeuza, anafungua kifuniko cha mgongoni, na mahali pa betri pako patupu. Woga wote umejengwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki, na kwa kuwa mtazamaji ameelewa jambo zima sekunde moja kabla ya mama.

Itakapofika zamu ya mwanasesere kusogea, msijaribu kumwonyesha mzima. Onyesheni mkono ukipotea nyuma ya mlango, au kivuli, au zulia linaloinuka kidogo. Katika Trilogy of Terror, filamu ya televisheni ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Dan Curtis, mwanamke aliyeigizwa na Karen Black anafanikiwa kumfungia mwanasesere mwindaji ndani ya sanduku la safari. Tunabaki tukilitazama sanduku. Kisha ncha ya kisu inatokeza na kuanza kukata duara kwenye sanduku hilo, polepole, kwa bidii ya kiumbe asiyechoka. Katika picha hizo mwanasesere haonekani, kuna kisu na sanduku tu, na sijui filamu iliyotumia vitu viwili vya nyumbani kwa ustadi mkubwa zaidi.

Mkitaka kujaribu uhuishaji wa picha moja moja, fanyeni hesabu kwanza. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kwa hiyo hata mkiishikilia kila picha kwa fremu mbili, mtahitaji kumsogeza mwanasesere mara 12 kwa kila sekunde, yaani mara 60 kwa sekunde tano. Kamera ifungwe imara, taa zisiguswe, na madirisha yazibwe, kwa sababu jua linalosogea wakati mnapiga picha litafanya chumba kimetemete. Kwa kikundi chenu ningeshauri sekunde tatu au nne tu za uhuishaji, ziwekwe mahali pamoja, na kazi iliyobaki ifanywe na fimbo nyembamba inayopita nyuma ya nguo zake, huku mshikaji akiwa nje ya picha.

Tengeni siku nzima kwa ajili ya sauti. Nyayo ndogo juu ya mbao zinaweza kurekodiwa kwa kugonga ncha za vidole mezani, na zikisikika katika chumba kilicho juu ya mhusika zitafanya kazi kubwa kuliko picha yoyote ya mwanasesere akikimbia. Ila uzito wake usibadilike: akiwa mwepesi katika tukio la kwanza, asisikike kama mtu mzima katika la tatu.

Kabla ya kurekodi chochote, mwekeni mwanasesere wenu kwenye kiti, mwashieni taa moja kutoka ubavuni, mrekodini kwa dakika moja bila sauti, kisha waonyesheni picha hizo watu wasiojua hadithi yenu. Wakianza kuuliza kama amesogea, mmeupata mwanga na pembe ya kamera. Wakikaa kimya, isogezeni taa na mjaribu tena, kwa maana bila hilo nyaya na fimbo hazitawasaidia.