Fedha Weka Kwenye Lenzi: Maswali Yenu Kuhusu Kamera ya Ndege na Wanyama

Kamwene wasomaji. Maswali haya yametoka huku huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Tukuyu, na karibu yote ni ya watu wanaotaka kununua kamera yao ya kwanza. Nimeyafupisha bila kubadili maana.

Tangazo la simu yangu linasema inavuta mara 100. Bado nahitaji kamera? (Mwalimu, Mafinga)

Kwa ndege, Mwalimu, unaihitaji. Simu ikishafika mwisho wa uwezo wa lenzi yake, haivuti tena. Inakata kipande cha katikati ya picha na kukitanua, halafu programu inakisia kilichopotea. Ndiyo maana manyoya yanatoka kama yamepakwa rangi kwa brashi. Kwa maua ya Kitulo, au tembo aliyesogea karibu na gari, simu inatosha kabisa. Na kama una darubini, weka lenzi ya simu kwenye tundu moja la kutazamia, tuliza mkono, upige. Kumtambua ndege utamtambua.

Nimejikusanyia milioni mbili. Nichukue bodi nzuri kwanza, lenzi nitaongeza baadaye? (Kijana, Ipogolo, Iringa)

Geuza mpango, mdogo wangu. Lenzi kwanza. Bodi, yaani mwili wa kamera bila lenzi, ya kawaida inatosha.

Nikuoneshe kwa hesabu. Chukua urefu wa ndege, zidisha kwa urefu wa lenzi (ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake), gawanya kwa umbali uliopo kati yenu. Keremkerem wa sentimita 20, ukiwa mita 10 kutoka kwake na lenzi ya milimita 300, anaacha taswira ya milimita 6 kwenye sensa, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa za kamera nyingi za bei ya kati, zile zinazoitwa APS-C, zina upana wa milimita 23 hivi. Ndege wako amechukua robo ya upana wa picha. Ukiikata kidogo, unaisafisha na kuitundika ukutani. Rudi nyuma mpaka mita 20: amebaki milimita 3. Hakuna bodi, iwe ya bei gani, itakayorudisha manyoya ambayo hayakufika kwenye sensa.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa tembo wa mita 3 aliyesimama mita 30 kutoka kwako. Unapata milimita 30, haenei hata kwenye picha. Watu wanatoka Hifadhi ya Ruaha na tembo wazuri ajabu, lakini ndege wao wote ni vitone, wanadhani kamera ni mbovu. Kamera ni nzima. Ndege ndiye anayedai lenzi ndefu.

Kwa fedha uliyonayo ningetazama vya mtumba. Upande wa Canon, bodi kama 70D au 80D na lenzi ya EF-S 55-250 STM, ambayo ni nyepesi na inatoa picha kali kuliko watu wanavyoitegemea. Upande wa Nikon, D7100 au D7200 na AF-S 70-300 VR. Bodi hizo zilitoka kati ya 2013 na 2016 na bado zinafanya kazi nzuri. Mfuko ukipanuka, ongeza lenzi ya 150-600 ya Sigma au Tamron, ila ujue utabeba karibu kilo 2 shingoni. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zinatafuta jicho la ndege zenyewe na kulishika, na kwa anayezimudu, Canon R10 na lenzi ya RF 100-400 ya gramu 635 ni jozi ninayoipenda sana.

Lakini irudie ile hesabu. Kupunguza umbali nusu ni sawa na kununua lenzi ndefu mara mbili, na umbali unapunguzwa kwa kukaa kimya. Wewe unaishi karibu na Ruaha Mdogo. Shuka mtoni saa kumi na mbili asubuhi, tafuta tawi lililoinama juu ya maji lenye madoa meupe ya kinyesi, kaa mita nane kutoka hapo, usitikisike. Mdiria ana tawi lake, ataondoka na atarudi. Akirudi na samaki utamwona akimgonga kwenye tawi, kushoto, kulia, kushoto, mpaka alegee, kisha anamgeuza kichwa kitangulie na kumeza. Kwa lenzi ya milimita 250 tu utayapata magamba ya yule samaki. Nimekaa hivyo asubuhi nyingi, na picha zangu ninazozithamini kuliko zote zimetoka huko.

Nikinunua mtumba nikague nini? (Fundi, Mwanjelwa, Mbeya)

Anza na kama lenzi na bodi vinasikilizana. Mimi niliwahi kuuziwa lenzi ndefu ya chuma, nzito, safi, na muuzaji akaniapia kwamba inaingia kwenye bodi yangu. Kuingia iliingia. Kufokasi haikufokasi, na fedha haikurudi. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa akiba ya miezi mingi. Sababu ni hii: bodi za Nikon za safu ya D3000 na D5000, kama D3400 au D5600, hazina ndani mota ya fokasi, ile inayosogeza vioo vya lenzi mpaka picha iwe kali. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D zinaitegemea mota hiyo. Kwa bodi hizo tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. Za AF-P pia zina mota yake ndani, ila bodi za zamani kidogo zinazikataa, kwa hiyo ijaribu kwenye bodi yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Halafu washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma huku ukichungulia mbele. Vumbi kidogo lisikutishe. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Zungusha zumu yote usikilize mchanga. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa, utafute madoa ya uchafu wa sensa. Idadi ya mipigo ya shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga picha, kwa Nikon inasomeka ndani ya faili la picha yenyewe, na kuna programu za bure za kuisoma.

Huku kwetu mvua haikatiki. Lenzi itapona? (Dada, Tukuyu)

Ndaga kwa swali. Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na kuvu hupenda giza na unyevu. Usiihifadhi kamera kwenye begi la ngozi wala kabatini. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vikichoka. Ukitoka kwenye baridi ukaingia jikoni penye moto, acha kamera ndani ya begi nusu saa kwanza, isije ikatokwa jasho.

Na usiende mbali kutafuta ndege. Kaa kwenye migomba. Chozi huja kwenye ua la mgomba, ananing'inia kichwa chini kwenye lile ganda la zambarau lililofunuka, anazamisha mdomo uliopinda, na akiinua kichwa unaona chavua ya manjano imemganda kwenye paji la uso. Anakwenda ua hadi ua kwa mzunguko. Shika fokasi kwenye ua mapema, umngoje.

Vipi hizi kamera za zumu ndefu zisizobadilishwa lenzi? (Dereva wa watalii, Iringa)

Kaka, kwa kazi yako zina maana. Nikon P950 inavuta mara 83, na mgeni akikuuliza yule ndege wa ng'ambo ya mto ni nani, unamwonesha palepale kwenye skrini. Gharama yake ni mwanga: sensa yake ni ndogo karibu mara 13 kuliko ya APS-C. Jua la Ruaha linaitosha, msitu wa Udzungwa hautaitosha. Ndege akiruka itampoteza. Pia kuanzia saa nne asubuhi kiangazi, hewa juu ya mchanga wa mto inatetemeka kwa joto, na kitu cha mbali kitatoka kimeyeyuka kwa lenzi yoyote. Ya mbali yapige alfajiri.

Ninunue tripodi? (Njombe)

Bado. Hifadhini unakaa garini. Shona mfuko, ujaze maharage, uulaze dirishani na lenzi juu yake, na dereva azime injini.

Ndege wakiruka wanatoka na ukungu, nikiwa Kitulo. (Mama, Makete)

Shikamoo mama. Shata yako ni ya polepole. Anayeruka anataka 1/2000 ya sekunde, aliyetulia 1/500, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe. Punje punje kwenye picha zinavumilika, ukungu wa mtikisiko hauponi. Fokasi iweke ile inayofuata: AF-C kwa Nikon na Sony, Servo kwa Canon. Tandawala, kama ndege wengine wakubwa, hupaa akiuelekea upepo, hivyo simama upande unakotoka upepo na atakujia usoni. Juni mpaka Agosti baridi ya kule inamaliza betri haraka. Ya akiba itembee kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Nimeona kiota cha korongo taji karibu na majaruba, Mbarali. Nisogee kiasi gani? (Mkulima)

Usisogee. Nakuomba hili kwa moyo wote, kwa sababu korongo taji yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Ukisogea, wazazi wanaondoka, mayai yanabaki juani na kunguru anayaona. Hata nyasi ulizolaza njiani zinamwonesha mbwa pa kupita. Mayai yanakaliwa kama mwezi mmoja, na vifaranga hutembea mapema baada ya kuanguliwa. Ngoja mpaka uwaone wazazi wakiwaongoza kwenye majani mafupi asubuhi, kisha kaa kwenye tuta la mbali ulilozoea kupita na jembe lako. Wanakujua tayari.