Barua kwa mwanangu, kuhusu mwenzenu aliye gerezani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma Ijumaa usiku, nikaurudia asubuhi kabla ya chai. Unasema wenzako wa chuo wanamsemea mwenzenu apate parole, barua imeshaandikwa, na jina lako ndilo pekee halijaingia. Unaniuliza kama ni haki kumwombea mtu ambaye kweli alikula fedha za SACCOS ya walimu, wala hakusingiziwa.

Haki au si haki, hilo waachie wenye bodi ya parole. Mimi nataka kujua jingine: kati yenu nyote, nani anajua mwenzenu atalala wapi siku akitoka? Nimelisema hili tangu mko wadogo, na dada zako walikuwa wakinicheka. Rafiki wa mfungwa ni yule anayejua atalala wapi.

Halafu barua yenu inaomba "asamehewe". Irekebisheni kabla haijafika kwa mtu. Msamaha ni ule wa Rais, tunaousikia 9 Desemba au 26 Aprili. Parole, kwa Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994, ni mfungwa kumalizia sehemu ya kifungo chake nje ya gereza, chini ya uangalizi na kwa masharti. Akiyavunja anarudishwa ndani. Wa kifungo cha maisha hahusiki, wala wa unyang'anyi wa kutumia silaha, na anayehusika lazima awe ametumikia theluthi ya kifungo. Mwenzenu ana miaka saba. Hata bila parole, mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi. Kwa hiyo ikiwa ndiyo kwanza ametimiza theluthi yake, mnamwombea miaka miwili na miezi minne hivi. Kwa mtu mwenye watoto wadogo huo ni muda mrefu sana. Kwa mwalimu aliyeshindwa kulipa ada ya mwanawe kwa sababu akiba yake ililiwa, nao ni mrefu.

Unajua kwa nini nayajua haya. Marehemu Mzee Mrema, yule waziri wa zamani wa kutoa amri za "siku saba", alipoteuliwa mwenyekiti wa bodi ya taifa ya parole mwaka 2016, nilikuwa nikimsikia redioni natuliza jiko lote nisikilize. Ni kwa ajili ya mjomba wako.

Aliyemuua mjomba wako alifungwa miaka kumi na miwili kwa kuua bila kukusudia. Ugomvi wa kilabuni, chupa moja, basi. Hayo unayajua. Ambayo hatukuwahi kuwasimulia vizuri ni siku walipokuja rafiki zake. Walikuja wanne, kwa gari, wamevaa vizuri, na karatasi iliyopigwa chapa. Bibi yako alikuwa uani anapepeta mchele. Walimwamkia kwa adabu, siwezi kusema uongo. Wakamweleza kwamba kijana wao amejirekebisha, amejifunza useremala gerezani, na kwamba familia ya marehemu ikiweka dole gumba pale chini mambo yatakuwa mepesi. Mmoja alikuwa ameshafungua kidau cha wino. "Mama, ni kidole tu."

Bibi hakuacha kupepeta. Akawauliza, "Mwanangu alikuwa anaitwa nani?"

Mwanangu, hakuna aliyejibu. Yule mwenye karatasi aliinama akaanza kulitafuta jina humo ndani, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Mpaka leo nikikiona kidole kile kikishuka, damu inanichemka. Miaka minne na zaidi wanamhangaikia rafiki yao, mawakili, nauli, sijui nini, na jina la mtu aliyelala kaburini hawakuona haja ya kulishika. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji. Niliwaonyesha njia.

Sasa usinielewe vibaya. Wale watu hawakuwa wabaya. Mfungwa asiye na mtu wa kumsemea husahaulika humo ndani, na wale wanne angalau hawakumsahau. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Halafu najijibu: kumkumbuka wako ni kazi nyepesi, hata mimi namkumbuka wangu.

Baadaye ndipo akaja yule fundi baiskeli wa pale njia panda. Peke yake, jioni, kwa miguu. Kitu cha kwanza kutoka mdomoni mwake kilikuwa jina la mjomba wako, akasema alikuwa akimjazia upepo bure kwa sababu alikuwa anamchekesha. Akaomba radhi kwamba arobaini ilimpita. Wino hakuja nao. Alisema, "Mama, huyu akitoka atakaa kwangu, kile chumba cha uani. Atafanya kazi pale kibandani mbele ya macho yangu. Nimekuja ujue mapema, usije ukakutana naye njiani ukashtuka." Bibi hakumjibu. Alimpa maji ya kunywa, na kwa bibi yako hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Alirudi tena. Akarudi na mara nyingine, akakuta paa la banda la mbuzi limeng'oka akalipigilia, akaondoka bila kutaja parole. Ofisa alipopita mtaani kuulizia maoni ya ndugu, bibi alisema maneno mawili: "Sina pingamizi." Kusamehe hakusamehe, nataka ulijue hilo. Alifariki hajasamehe. Lakini hakuzuia, na yule mtu alitoka, akalala kwenye chumba kile alichotajiwa, akaziba pancha mpaka muda wake ukaisha. Nilikuwa nikipita njia panda anasimama, anaacha kazi, anasubiri nimalize kupita. Sikuwahi kumwamkia. Wala sikuwahi kubadili njia.

Kwa hiyo ukiniuliza nisaini au nisisaini, ninalo jibu, na liko hapa kwenye ncha ya kalamu, Mungu ananiona. Nikiliandika utasaini kwa sababu ya mama, au utakataa kwa sababu ya mama, na mwenzenu anastahili zaidi ya hapo. Hata wale walimu wanastahili zaidi. Je, kuna mmoja wenu aliyekwenda kwao? Mnayajua majina yao, au yako tu kwenye hukumu? Na narudia, mtaniona mzee wa neno moja: nani ana chumba? Nani atampa kazi isiyogusa fedha za watu mpaka aaminike tena? Barua yenye majina arobaini bila chumba kimoja, sioni bodi itaifanyia nini.

Nenda ukamwone gerezani kwanza, wewe mwenyewe, kabla ya kuandika chochote. Muulize yeye kama amewahi kuwaandikia wale walimu. Kisha unipigie simu, usinitumie meseji, nataka kusikia sauti yako ukinisimulia.

Baba yako mguu umepata nafuu, ameanza kwenda shamba. Dada yako atakuja na watoto wakifunga shule. Ukipata ruhusa kazini njoo nawe, vyumba vipo.

Mama yako.