Niache ualimu niende chuo cha Biblia?

Swali: Shikamoo Mchungaji. Nafundisha shule ya msingi, Njombe. Nasikia wito wa uchungaji, lakini nakatwa mkopo wa SACCOS, na mdogo wangu yuko chuo cha uuguzi, ada natoa mimi. Niache kazi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiandike barua ya kuacha kazi deni halijaisha. Watakaokatwa ni wadhamini wako, walimu wenzako wenye watoto. Paulo alihubiri Korintho huku akishona mahema na Akila na Prisila (Matendo 18:3), na wito wake haukupungua hata kidogo. Kumsomesha mdogo wako nako ni huduma. Soma 1 Timotheo 5:8, ni kali: asiyewatunza walio wake ameikana imani. Kwa sasa mwombe mchungaji wako akupe mtaa mmoja wa usharika uhudumu Jumapili. Deni likiisha, omba kwanza ruhusa ya masomo kwa mwajiri.